Pua ya Serikali

Ipo nchi moja, wala usiulize iko wapi, maana hata wenyeji wake wakiulizwa hutazama kwanza kushoto na kulia, kisha hujibu kwamba wao ni wapita njia tu. Inaitwa Tulizana. Ni nchi njema. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wa kutosha na manaibu wa kuwatosha hao mawaziri, na ina Mlezi wa Taifa, ambaye alianza kuwalea wananchi wakiwa wadogo. Sasa wana wajukuu, naye bado hajachoka kulea.

Katika Tulizana king'ora ni kitu cha heshima. Kina maana moja tu: Mlezi anapita. Kikilia, kila raia asimame kimya palepale kilipomkuta na vilevile kilivyomkuta, mkono wa kulia kifuani, mpaka kinyamaze. Aliyekaa abaki amekaa, aliyeinama abaki ameinama. Muuza maandazi mmoja wa pale sokoni aliwahi kusimama mbele ya karai lake, mkono kifuani, akiyatazama maandazi yakitoka rangi ya asali, yakaingia rangi ya udongo, yakaishia rangi ya karai lenyewe. Hakuna mteja aliyemlaumu; nao walikuwa wamesimama. Na kuna siku mwizi wa kuku alikuwa anakimbizwa na mwenye kuku, king'ora kikalia amebakiza kidogo tu ashikwe. Wakaganda. Wakatazamana. Kuku naye, kwa kuwa alizaliwa Tulizana, akanyamaza kwapani. Msafara ulipokwisha kupita, mwenye kuku akasema, "Haya, tuendelee," wakaendelea.

Sauti nyingine wanayoijua wote ni honi ya lori la sukari ya serikali. Hulia mikato mifupi, halafu mmoja wa kuvuta: pi, pi, pi, piii. Hiyo haina sheria yoyote. Haijawahi kuhitaji. Ikilia, bwana harusi humwacha bibi harusi ukumbini, na akirudi humkuta naye ametoka, na mfuko wake amechukua.

Fahari ya nchi hiyo ni Jumba la Baridi la Taifa, kando ya ziwa. Lilijengwa kuhifadhi samaki wa wananchi, na samaki wamo kweli, Chumba cha Nne, kule nyuma karibu na mitambo. Chumba cha Kwanza, cha Pili na cha Tatu vina keki. Kila mwaka Mlezi huokewa keki ya siku yake ya kuzaliwa, na kwa kuwa hajapatikana raia wa kuchoma kisu kwenye jina lake lililoandikwa kwa sukari ya waridi, keki hizo hazijawahi kukatwa. Zimepangwa kwenye rafu, mwaka baada ya mwaka. Nyingine ni za ghorofa. Moja ina umbo la uwanja wa ndege, na kindege chake cha marzipani, ule unga wa lozi na sukari, kimeanza kuinama bawa.

Chumba cha Nne ndimo wanamokaa akina mama wa minofu. Wao hupasua samaki, hutoa mifupa, huosha, hupanga minofu kwenye trei. Hukaa kwenye vigoda vifupi vya mbao, sweta juu ya gauni na kanga juu ya sweta, soksi mbili mbili ndani ya viatu vya mpira. Anayesimama ni msimamizi peke yake, kwa sababu ya cheo.

Sasa mitambo ya Jumba ilikuwa imezeeka, mabomba yakaanza kuvuja gesi ya ubaridi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haina adabu. Ni nzito kuliko hewa. Ikitoka haipandi, inashuka, inatandaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, inajaa taratibu na kuisukuma hewa juu. Aliye chini huvuta pumzi akidhani anapumua, kumbe hapati kitu.

Nchi moja rafiki, iliyokuwa na hamu kubwa na samaki wa ziwa lile, ikaleta msaada: kitambuzi cha gesi. Kilikuwa kisanduku cheupe, ukubwa wa redio ndogo, na matundu kama ya chujio la chai, taa ya kijani, na king'ora chake humohumo ndani. Gazeti la serikali lilikiita Mtambo wa Taifa wa Ugunduzi na Utoaji wa Taarifa za Uvujaji. Akina mama wa minofu walikitazama mara moja wakakiita Pua ya Serikali, na jina likashika.

Aliyekabidhiwa Pua alikuwa Zuberi Kilindo, Afisa Mjaribu Daraja la Pili, mwanamume mpole, masharubu yamechanwa vizuri, mwenye kupenda nyumba yake ya serikali na feni iliyomo ndani yake. Mkewe, Tunu, alikuwa mmoja wa akina mama wa minofu. Kigoda chake kilikuwa cha mwisho kabisa, karibu na mabomba.

Zuberi alisoma kijitabu cha maelekezo chote, hadi ukurasa wa mwisho unaomtakia mnunuzi heri. Kijitabu kilisema wazi: Pua ifungwe chini, kimo cha goti hivi, karibu na mitambo, pasipo na kitu cha kuiziba, halafu ijaribiwe mara kwa mara kwa kuipulizia gesi kidogo ya majaribio, ionekane kama kweli inanusa, maana taa ya kijani huweza kuwaka hata kwenye kisanduku kipofu. Akaichukua misumari yake, akapiga magoti ukutani. Hapo ndipo alipoingia Mkuu wa Itifaki, Bwana Luhembe, mrefu, mkavu, suti nyeusi mpaka kwenye samaki.

"Unafanya nini huko chini?"

"Naifunga Pua, mkuu. Kitabu kinasema kimo cha goti."

"Kifaa cha taifa kitazamane na magoti? Magoti ya nani?"

"Ni kwa sababu gesi iko chini, mkuu."

"Basi gesi ijirekebishe," alisema Bwana Luhembe. "Kila kifaa cha taifa kinakaa kulia kwa picha ya Mlezi. Hiyo ni sheria. Wewe una sheria gani?"

Zuberi hakuwa na sheria, alikuwa na kitabu tu. Picha ya Mlezi ya Chumba cha Nne ilikuwa juu, karibu na dari, ndani ya fremu ya dhahabu yenye mapindo kama nta iliyochuruzika mshumaani. Siku ilipoletwa palikuwa na shughuli kubwa, kwani picha ya Mlezi haihamishwi kama kabati. Ikishikwa tu na kuanza kwenda, wote waliopo huifuata kwa mstari wakiimba, wameshikana mikono, wala haruhusiwi mtu kubaki nyuma, awe mgonjwa, awe amechoka, awe amelala. Basi Pua ikafungwa juu kule, kulia kwa picha, mahali penye hewa safi kupita pote chumbani. Ikawasha taa yake ya kijani. Wote wakapiga makofi.

Ikabaki kazi ya kuijaribu, na hiyo nayo ilikuwa na vikwazo vyake. Kuipulizia gesi kungehitaji ngazi, na afisa wa daraja la pili hapandi juu kuliko kidevu cha Mlezi. Kubonyeza kitufe chake cha majaribio kwa ufito kungeliza king'ora, na king'ora kikilia bila Mlezi kupita, huo ni uhaini wa kumtangaza kiongozi asipokuwepo. Kwa hiyo kila mwezi Zuberi alisimama chini ya Pua akiwa amevaa koti, akaielekezea ufito, akaiuliza kwa sauti ya kiofisi, "Kuna gesi?" Pua ikanyamaza. "Hakuna gesi," akatangaza, na msimamizi akamkabidhi soda.

Muda si mrefu akina mama wa minofu wakaanza kusinzia. Mmoja alilala shavu likiwa juu ya sangara. Mwingine alianza kucheka peke yake, alipoulizwa akasema samaki amemkonyeza. Vichwa vikawauma, magoti yakalegea, na ajabu ni kwamba wakitoka nje kuota jua walipona bila dawa.

Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Usingizi. Wajumbe wake waliingia Chumba cha Nne, wakatembea huku na huko kwa viatu vyao vya kung'aa, wakavuta pumzi vifuani mpaka tai zikainuka. Hakuna mjumbe aliyesinzia. Msimamizi, ambaye husimama, naye hakuwahi kusinzia. Tume ikaandika kwamba usingizi ule huwapata watumishi wa vyeo vya chini peke yao, huongezeka kadiri cheo kinavyoshuka, na kwamba kitaalamu huitwa uvivu. Ilipendekeza akina mama waimbe wakiwa kazini. Wakaimba. Waliimba vizuri ubeti wa kwanza.

Jioni moja Zuberi alikuwa mezani na mkewe. Tunu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili, chai mbele yake imepoa hadi imeota utando.

"Baba Salha."

"Naam, Mama Salha."

"Lile dude lenu pale ukutani. Linanusa nini?"

"Gesi."

"Na gesi inakaa wapi?"

Zuberi akaichochea chai yake ingawa haikuwa na sukari. Lori lilikuwa halijapita tangu mfungo. "Chini."

"Na pua?"

"Juu."

"Mimi nakaa wapi?"

"Mama Salha, mambo ya itifaki ni marefu."

"Mafupi tu. Mimi niko chini na gesi, pua iko juu na Mlezi. Mnamlinda asisikie harufu yangu ya samaki?"

"Punguza sauti, mke wangu. Jirani ana redio lakini haifungui."

Tunu akasukuma kikombe kando. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkera Zuberi. "Jana niliokota kisu kilichoanguka," alisema. "Nilipoinama sikuinuka mwenyewe. Aliniinua Mama Kidawa. Ningekuwa peke yangu ningekuwa nimelala pale mpaka mniletee tume. Hilo dude ulikabidhiwa wewe. Sasa amua, unataka feni au unataka mke."

Feni ilikuwa inazunguka juu yao wakati huo, inalia kwii, kwii. Zuberi hakuipenda tena kama mwanzo.

Kesho yake alivaa koti akaenda kwa Mheshimiwa Profesa Burhani Makupa, Waziri wa Ubaridi, Uvuvi na Keki. Waziri alikuwa mnene wa mwili na wa maneno. Alimkaribisha, akamsikiliza hadi mwisho, akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi.

"Kijana wangu Kilindo," alisema, ingawa walikuwa wamezaliwa mwaka mmoja, "unaniambia gesi haipandi?"

"Haipandi, Mheshimiwa. Ni nzito."

"Katika nchi hii? Nchi ambayo bei imepanda, majengo yamepanda, na mimi mwenyewe nimepanda kutoka udereva? Gesi peke yake ndiyo ikatae kupanda? Huo ni mgomo."

"Mheshimiwa, tungeijaribu tu kwa gesi kidogo, ningeshukuru. Tukiona haisikii, tuishushe."

Waziri alifumbua macho. Neno jaribu lilimgusa. Wageni wa nchi rafiki walikuwa wanakuja kuona msaada wao, na hakukuwa na sherehe ya kuwaonyesha. "Tutaijaribu," alisema. "Hadharani. Kwa gesi, kwa ngoma na kwa utepe. Itakuwa Siku ya Taifa ya Kuijaribu Pua."

"Na king'ora, Mheshimiwa? Kikilia bila Mlezi?"

"Nitaomba kibali kilie kwa niaba yake."

Zuberi alirudi nyumbani anapiga mluzi. Alimwambia mkewe kwamba siku hiyo abaki nyumbani, aseme anaumwa. Lakini Bwana Luhembe alikuwa ameshaagiza kwamba akina mama wa minofu wawepo wote, vigodani, wakifanya kazi kwa furaha, ili wageni waone hali halisi.

Siku ikafika. Chumba cha Nne kilipambwa maua ya plastiki. Feni za ubaridi zilizimwa ili zisiyaangushe. Palijengwa jukwaa la mbao refu kama meza mbili zilizopandana, wakapanda Waziri na wageni. Mlango ulifungwa, ukazungushiwa utepe mwekundu wenye ua kubwa katikati, na mkasi ukawekwa juu ya mto wa hariri. Mlango ungefunguliwa na Waziri mwenyewe baada ya hotuba. Akina mama walikaa vigodani na sare mpya, Tunu mwishoni karibu na mabomba. Zuberi alikuwa ameleta kikopo kidogo cha gesi ya majaribio, kinachoenea kwenye kiganja.

"Hicho nini?" akauliza Bwana Luhembe.

"Gesi ya kujaribia, mkuu. Unapuliza mara moja tu kwenye pua yenyewe. Naomba ngazi."

"Hupandi juu ya kidevu. Na wageni wameletewa kikopo? Wafikirie sisi masikini?"

Akapiga kofi moja. Vijana wake wa Itifaki wakaviringisha mitungi mikubwa ya gesi iliyotoka stoo ya mitambo, wameifunga riboni za rangi ya bendera. Waziri akaanza kuhutubia.

"Wageni waalikwa," alisema, "kuna mataifa yanayopumua tu, bila mpango. Sisi Tulizana tunapumua kwa sera. Fungua."

Wakafungua mtungi wa kwanza. Ukafoka sakafuni, na kwa baridi yake ukungu mweupe ukatambaa kati ya miguu ya vigoda kama paka anayetafuta mahali pa kulala. Wote wakaitazama Pua. Taa ya kijani.

"Inasubiri," alisema Waziri. "Ni pua yenye busara. Fungua wa pili."

"Mheshimiwa," alisema Zuberi kutoka chini ya jukwaa, "haitafika kule juu. Akina mama wako chini."

"Wewe ndiye uliyetaka ijaribiwe. Fungua wa pili, na wa tatu aufuate."

Akina mama walikuwa wanaimba. Zuberi aliwasikia wakiingia ubeti wa pili, halafu sauti zikaanza kutoka moja moja kama watu wanaoaga msibani. Tunu alikuwa ameshika kisu na sangara, lakini mikono haikuwa inafanya kitu. Kidevu kilishuka, kikapanda, kikashuka.

Taa ilikuwa bado ya kijani. Waziri akaona wageni wananong'onezana. Jasho likamtoka katika chumba cha baridi. "Elekezeni juu," aliwaambia vijana. "Kama haipandi, ipandisheni." Kijana mmoja akauinua mpira wa mtungi wa tatu, akaipulizia Pua kama mtu anayemwagilia ua.

Pua ikasikia. Taa ikawa nyekundu, na king'ora kikalia.

Na Tulizana yote iliyokuwa ndani ya chumba kile ikaganda. Waziri mkono kifuani. Bwana Luhembe mkono kifuani. Wageni nao, waliofundishwa sheria hiyo uwanja wa ndege, mikono vifuani. Kijana aliyeshika mpira akawa ameganda hivyohivyo, mpira umefunguka, mkono mmoja kifuani na mwingine unamwaga gesi. King'ora hakingenyamaza mpaka gesi itoke. Gesi isingetoka mpaka mlango ufunguliwe. Mlango usingefunguliwa mpaka mtu asogee, na mtu asingesogea mpaka king'ora kinyamaze. Zuberi alisimama, mkono kifuani kama wengine, akaliona fumbo lote hilo lilivyofungwa vizuri, halina hata upenyo.

Kisu cha Tunu kikaanguka. Kichwa chake kikalala juu ya trei ya minofu. Mkono wake wa kulia, raia mwema yule, ulikuwa bado kifuani.

Miguu ya Zuberi ikaondoka kabla yake. Alikanyaga ngazi za jukwaa, akampita Waziri, akapanda juu ya kiti cha Waziri, akapanda kuliko kidevu, akapanda kuliko kofia, akaing'oa picha ya Mlezi ukutani pamoja na msumari wake. Akaikumbatia, uso wa Mlezi ukiwatazama watu.

"Mlezi anatoka," alisema.

Hakuna aliyesogea. Katika macho ya Bwana Luhembe ungeweza kuona sheria mbili zikipigana miereka. King'ora kinasema ganda. Picha inasema fuata. Gari la Mlezi au uso wa Mlezi, kipi kikubwa? Suala hilo halikuwahi kutokea tangu uhuru. Zuberi alikuwa ameshashuka, ameukata utepe kwa fremu ya dhahabu, na mlango ameupiga teke.

"Anatoka peke yake," alisema bila kugeuka. "Nitaulizwa nani aliyebaki."

Waziri ndiye aliyevunja kwanza. Aliruka kutoka jukwaani kwa wepesi ambao wapiga kura wake hawakuwahi kuuona, akajipanga nyuma ya picha, akaanza kuimba. Nyuma yake Luhembe, nyuma yake wageni, nyuma yao vijana, mpira wameutupa. Na kwa kuwa haruhusiwi mtu kubaki nyuma hata akiwa amelala, waliwainua akina mama wa minofu wote. Tunu alibebwa mabegani na Mama Kidawa, ambaye mwenyewe alikuwa anapepesuka, na miguuni na Katibu Mkuu wa Wizara, anaimba huku analia. Wakatoka kwa mstari hadi uwanjani, kwenye jua.

Zuberi aliegemeza picha kwenye ukuta, akapiga magoti kando ya mkewe. Akamfungua kanga kifuani, akampepea kwa kijitabu cha maelekezo, ambacho kwa mara ya kwanza kilikuwa kinafanya kazi. Uso wa Tunu ulikuwa wa rangi ya majivu. Halafu akavuta pumzi, ndefu, ya kukwaruza, akafumbua macho, akatapikia viatu vya Waziri.

"Iko juu bado?" aliuliza.

"Iko juu bado, Mama Salha."

"Basi nirudishe nikalale, maana sijaona sababu ya kuamka."

Zuberi alikamatwa siku hiyohiyo kwa kosa la kumtembeza Mlezi bila walinzi. Angefungwa kweli, lakini wageni walirudi kwao na picha za video, na huko kwao wakaandika kwamba hawajawahi kuona watu wakitolewa haraka namna hiyo kwenye jengo lenye gesi: kwanza utulivu kamili, kisha mstari, kisha nyimbo. Mlezi akasoma. Akafurahi. Akaagiza yule bwana atolewe rumande apewe nishani, na aulizwe anataka nini.

Alijibu mbele ya Waziri na Luhembe. "Naomba Pua ishushwe kimo cha goti."

Luhembe akakohoa. "Haiwezekani. Kifaa kinakaa kulia kwa picha. Pua ikishuka, picha nayo ishuke. Mlezi akae gotini?"

Zuberi alikuwa na mkewe nyumbani mwenye kichwa kinachouma, na rumande alikuwa amepata nafasi ya kufikiri. "Mkuu," alisema kwa upole, "picha ikiwa juu, raia humtazama Mlezi amesimama wima, kifua mbele, kama analingana naye. Ikiwa gotini, kila anayetaka kumwona itabidi ainame."

Waziri na Luhembe walitazamana kama watu walioiona bahari.

"Nilikuwa nalifikiria jambo hilo tangu zamani," alisema Waziri.

Picha zote za nchi zikashushwa. Hadi leo ukiingia ofisi yoyote ya Tulizana utawakuta watu wameinama, na mgeni hudhani wamepoteza funguo. Chumba cha Nne Pua imekaa kando ya mabomba, kimo cha goti, haizibwi na trei. Kila mwezi Zuberi hupiga magoti mbele yake na kikopo chake, anaipulizia kidogo, anasubiri isikie kweli, halafu ndipo anakunywa soda. Mlezi yuko pale kando anamtazama jicho kwa jicho. Zuberi humsogeza kidogo apate nafasi ya mkono.

Ikabaki sauti. King'ora hakikufaa, wote waliliona hilo ingawa hakuna aliyelisema. Baraza la Mawaziri likajadili ngoma, likajadili wimbo wa taifa. Ni Tunu aliyemuuliza mumewe wakiwa mezani, "Nyinyi mnataka watu watoke, au mnataka watu wasikilize?" Akamtajia sauti. Zuberi akaipeleka kazini kama yake, jambo ambalo Tunu humkumbusha kila anapoomba chai nyingine.

Bomba la nyuma likapasuka kweli siku moja asubuhi, Waziri akiwa ndani anakagua keki. Pua ikasikia kabla ya mtu yeyote kusinzia. Ikalia: pi, pi, pi, piii.

Chumba cha Nne kikawa kitupu kabla sauti haijamaliza kuvuta. Akina mama walikuwa nje na ndoo. Luhembe alikuwa nje na foronya. Waziri alitokea mlango wa keki, amekimbia hadi tai imehamia mgongoni, mfuko wa nailoni kila mkono, akajisukuma mpaka mbele ya foleni, akatazama uwanja mtupu, huku na huku.

"Sukari iko wapi?" aliuliza.

Tunu alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, jua usoni, hana haraka.

"Ndiyo hii, Mheshimiwa," alimwambia. "Vuta pumzi."